Fundi Kijiko na Matundu Kumi na Manne

Watoto wa mtaa wetu huamini kwamba Fundi Kijiko alipata jina hilo kwa sababu ya kupenda kula. Si kweli. Ni mtu mwembamba, na sahani yake huijaza nusu. Jina lilitokana na kijiko kidogo cha chai kinachokaa katika mfuko wa shati lake, mahali ambapo mafundi wengine huweka kalamu. Kijiko hicho ni kimoja kati ya sita alivyopewa mkewe siku ya harusi yao. Katika mwezi wa pili wa ndoa, fundi alikichukua jikoni, akasema anakiazima kwa siku moja tu, akapanda nacho darini kwa jirani. Hiyo ni miaka thelathini na minne iliyopita. Mkewe angali ana vijiko vitano, na wageni wakiwa sita, mmoja hukoroga chai kwa uma.

Fundi Kijiko hutengeneza mapaa, hasa yale yenye mteremko mdogo, yaliyofichwa nyuma ya ukuta mfupi hata nyumba ikaonekana kama kasha lisilo na kifuniko. Mapaa hayo hupendeza kutoka barabarani na husumbua kutoka juu. Maji huondoka juu yake polepole, na nafasi iliyopo kati ya bati na dari ni finyu kiasi kwamba mtu mzima hupita humo kwa tumbo. Humo ndimo kijiko kinamofanya kazi. Kwa mpini wake fundi huchoma mbao kujua kama zimeoza. Kwa mgongo wake husawazisha saruji pale ambapo mwiko haufiki. Na kwa kijiko hichohicho hupima chumvi.

Hili la chumvi ndilo huwachekesha watu. Fundi hutia kijiko kimoja cha chumvi kavu katika kisahani, akakiweka juu ya dari, akaondoka. Baada ya siku mbili hurudi kukishusha. Chumvi ikimwagika kama mchanga, nafasi ile inapumua. Ikiwa imeshikana au imegeuka maji, basi unyevu umefungiwa humo, na hakuna haja ya kubishana na mwenye nyumba wala na fundi aliyetangulia.

“Chumvi hainijui mimi, wala haimjui mwenye nyumba,” hupenda kusema. “Inasema ilichokiona.”

Asubuhi moja alipigiwa simu na mpwa wake, mtoto wa pekee wa dada yake mkubwa. Kijana huyo ni mfamasia, mtu wa vipimo na tarehe kama mjomba wake.

“Shikamoo, Mjomba.”

“Marahaba, Mjomba wangu. Mama hajambo?”

“Ndiyo maana nimepiga. Kifua hakijapona, mwezi wa pili huu. Daktari amesema asilale kwenye ukungu, na dari ya chumbani kwake imekuwa nyeusi. Nimemwandalia chumba kwangu, ghorofa ya tatu. Mwisho wa mwezi namhamisha.”

“Mwenyewe anasemaje?”

“Anasema nikaiulize cherehani kama inataka kuhama.”

Fundi alicheka kidogo. Dada yake ni mshonaji, na nyumba ile waliijenga yeye na marehemu mumewe tofali kwa tofali. Wateja wake wote wako hatua mia mbili kutoka mlangoni. Kumpeleka ghorofa ya tatu kungekuwa kumtenga na kila kitu kinachomwamsha asubuhi.

“Mbona hamkuniita?”

“Wamepita mafundi watatu, Mjomba. Kila nikikutaja, Mama anasema una kazi nyingi, tusikusumbue.”

 Fundi huenda kwa dada yake kila Jumapili. Ndipo alipokumbuka kwamba kwa muda wa miaka miwili hivi chai yake imekuwa ikiandaliwa barazani. “Kaa hapa, mdogo wangu, ndani kuna joto,” dada angesema, naye angekaa, akanywa, akaondoka bila kuiona dari hata mara moja.

Siku hiyohiyo alikwenda, ngazi begani, na safari hii hakungoja kukaribishwa. Alipita barazani, akapita chumba cha kushonea, akaingia chumba cha kulala na kuinua macho. Kwenye dari, juu ya mto wa kulalia, palikuwa na madoa ya rangi ya chai, moja ndani ya jingine, na pembeni ukungu ulitambaa kama wino uliomwagikia karatasi. Chumba kilinuka nguo iliyokunjwa kabla ya kukauka.

“Linavuja saa ngapi?” aliuliza. Hilo ndilo swali lake la kwanza popote aendapo.

“Alfajiri,” dada alijibu, akikohoa kidogo ndani ya kitambaa.

“Hata mvua isiponyesha?”

Dada alitazama dirishani. “Hasa isiponyesha. Siku za baridi, mbingu ikiwa nyeupe.”

“Na wale mafundi watatu uliwaambia hivyo?”

“Hawakuuliza. Walipanda tu.”

Fundi naye alipanda. Juu ya bati alikuta lami juu ya lami juu ya lami. Kila fundi alikuwa ameyapaka maungio tabaka lake bila kubandua la mwenziwe. Karibu na mdomo wa kutolea maji, matabaka hayo yalikuwa yameinuka hata yakawa ukingo, na nyuma ya ukingo huo maji ya mvua ya wiki iliyopita yalikuwa yamesimama yakifuga viluwiluwi vya mbu. Aliliandika hilo katika daftari lake. Lilikuwa kosa, lakini halikueleza matone ya alfajiri isiyo na mvua.

Akashuka, akafungua mlango mdogo wa dari, akaingia kwa tumbo. Alipozima tochi, giza lilikuwa la chungu kilichofunikwa. Hilo lilimshangaza, kwa maana paa lililojengwa vizuri huonyesha nukta za mwangaza pembeni, pale hewa inapopita. Alipoiwasha tena, aliona kila ncha ya msumari chini ya bati imebeba tone lake. Alichoma ubao mmoja kwa mpini wa kijiko, na mpini ukazama kama ndani ya papai bivu. Aliweka kisahani cha chumvi, akatoka amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi.

“Umezeeka ghafla,” dada akamwambia.

“Nimezeeka kwa sababu dada yangu ananificha mambo.”

 Dada alirudi kwenye cherehani yake, akaendelea kushona.

Baada ya siku mbili, siku ya Jumamosi, mpwa alikuwepo kisahani kiliposhushwa. Hapakuwa na chumvi ndani yake. Palikuwa na maji mazito yenye chembe chache chini.

“Sasa umeona,” fundi alisema. “Paa hili halina tatizo la mvua peke yake. Linatoa jasho.”

“Linatoaje jasho, Mjomba? Ni bati.”

“Ukifunua sufuria ya maji moto, chini ya mfuniko kuna nini?”

“Maji.”

“Nani kayamwaga?”

Mpwa akatabasamu, kama mtu aliyerudishwa darasani na hakuchukia.

Fundi alieleza taratibu. Mvuke wa jikoni, mvuke wa pasi ya kushonea, hata pumzi za watu waliolala, vyote hupanda. Katika nyumba ile vilipata njia pembeni mwa taa na kwenye mlango wa dari usiofunga sawasawa. Alfajiri bati likipoa, mvuke hugeuka maji na kurudi chini. Hali hiyo haidhuru nyumba yenye matundu, kwa sababu hewa huingia upande wa chini wa paa na kutokea upande wa juu, ikauchukua unyevu kabla haujawa tone.

“Bati la nyumba hii nililipiga mimi,” alisema, “miaka kumi na tisa sasa. Niliacha matundu saba upande huu na saba upande ule. Twende nikuonyeshe.”

Walizunguka nyumba. Ukuta ulikuwa laini toka pembe hadi pembe, umepakwa rangi ya maziwa, bila tundu hata moja. Fundi alirudi nyuma hatua tatu, akautazama kama mtu aliyekuta mlango wake umehamishwa.

“Kuna mtu kayaziba,” mpwa alisema.

“Kayaziba yote.” Sauti ya fundi ilipanda, jambo ambalo ni nadra. “Kumi na manne! Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza asingefanya hivi. Huyu aliyeziba hastahili kushika mwiko. Anafaa kuuza maputo.”

Aliegemeza ngazi, akapanda, akaanza kugonga ukuta kwa kijiko. Ngo, ngo, ngo, kisha sauti ikabadilika, ikawa ya kitu kilichofunikwa. Akakwangua rangi. Chini yake ilionekana saruji ya duara, imesawazishwa kwa uangalifu, na katikati ya duara palikuwa na bonde dogo lenye umbo la yai. Aliligusa kwa kidole. Kisha, kwa kuwa ni mtu wa kuhakikisha, aliweka mgongo wa kijiko chake katika bonde lile. Kiliingia na kutulia, kama kilivyotulia siku kilipoliacha.

Alibaki juu ya ngazi muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Yalimrudia yote. Ulikuwa mwaka wa mbayuwayu. Walijenga kwenye matundu, wakapita hata ndani kupitia ufa wa dari, na siku moja mmoja wao akachafua gauni la bibi harusi lililokuwa limetundikwa kusubiri kuchukuliwa. Dada alilia kama mtoto. Fundi alikuja jioni ileile na ndoo ya saruji, akayaziba matundu yote kabla jua halijazama, akayapaka rangi siku iliyofuata. Aliyaziba vizuri mno, na uzuri wa kazi ndio uliowapofusha mafundi watatu. Tangu hapo alikuwa amepanda mamia ya mapaa, na jioni ile moja ilikuwa imemtoka kabisa akilini.

“Vipi huko juu?” mpwa aliuliza kutoka chini.

Dirisha la chumba cha kushonea lilikuwa wazi, na dada alikuwa amesimama hapo, sindano mdomoni. Aliitoa. Alimtazama mdogo wake, akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayemkataza mtoto asiguse kitu cha moto.

“Acha,” alisema kwa sauti ya chini. “Mafundi ni wengi. Nani atajua.”

Fundi alielewa. Alielewa pia kwa nini chai ilihamia barazani. Lau angenyamaza, mpwa angeendelea kumwamini, na kazi ingeendelea bila maneno. Akisema, mpwa angekuwa na haki ya kumchukua mama yake jioni ileile.

Alishuka, akasimama mbele ya kijana.

“Ni mimi,” alisema.

“Ni wewe nini?”

“Niliyeziba. Miaka kumi na moja iliyopita. Alama ya kijiko iko pale, panda ukaione.”

Mpwa aliutazama ukuta, akamtazama mjomba wake. “Yaani yule asiyestahili kushika mwiko?”

“Ndiye huyo.”

“Mwenye kufaa kuuza maputo?”

“Usirudie yote, Mjomba wangu. Nakumbuka nilichosema.”

“Nilimwomba mimi,” dada akadakia dirishani. “Nilimlilia. Na mwaka uleule, baridi ilipoingia, nikaanza kuona matone. Mimi si fundi, ila kalenda naijua. Nikasema, huyu alikuja mbio kwa ajili yangu na ndoo mkononi, leo nimwambie ameniharibia nyumba? Sikuweza.”

“Mama, umelala chini ya ukungu ili Mjomba asione haya?”

“Ulianza kidogo tu. Doa kama sarafu.”

Mpwa alitembea hadi kwenye mfereji na kurudi. Hasira yake haina kelele. Huonekana katika jinsi anavyokunja mikono ya shati. Aliikunja yote miwili hadi juu ya viwiko.

“Wiki tatu,” alisema mwishowe. “Mama atalala kwangu wakati unatengeneza. Baada ya hapo chumvi itawekwa tena, nami nitaishusha kwa mkono wangu. Ikilowa, anahama moja kwa moja. Na wewe, Mjomba, utaibeba cherehani ngazi zote tatu. Ile ya chuma.”

“Haki kabisa,” fundi alisema.

Jioni hiyo alimsimulia mkewe, akiwa ameketi kwenye kiti cha jikoni bila kuvua viatu, jambo lililopigwa marufuku.

“Miaka kumi na moja hukujua?” mkewe aliuliza.

“Sikujua.”

“Na wifi yangu alijua?”

“Alijua.”

Mkewe alifikiri. “Huyo alikupenda mpaka akaugua. Vua viatu, ule. Kesho una matundu ya kuzibua.”

Aliyazibua kwa nyundo na patasi, moja baada ya jingine, akianza na lile lenye alama. Safari hii aliyawekea wavu wa chuma wenye macho madogo, ili ndege wabaki nje na hewa ipite. Kila alipomaliza tundu, alining'iniza mbele yake uzi mwembamba kutoka kwenye sanduku la dada yake, akangoja. Uzi ulipoanza kuyumba, aliandika namba katika daftari na kusogeza ngazi. Tundu la tisa uzi ulikataa kuyumba. Alirudi ndani kwa tumbo, akakuta kiota cha zamani kimesalia nyuma ya saruji, kimekauka, na ndani yake vipande vitatu vya lesi nyeupe. Alivihifadhi mfukoni pamoja na kijiko.

Dari yote ya chumba cha kulala aliishusha. Mbao mbili zilizooza alizitoa na kuweka nyingine zilizopakwa dawa, na zilizolowa tu bila kuoza aliziacha wazi zikauke. Lami iliyozuia maji aliibandua kwa siku mbili, akapanua mdomo wa kutolea maji, na mahali paa lilipokuwa limelegea aliinua mhimili kwa vipande vya mbao vilivyochongwa kama kabari, hata ndoo ya maji iliyomwagwa upande wa juu ikakimbilia mferejini yote. Pembeni mwa taa aliziba nyufa. Jikoni alitoa bomba la mvuke kupitia ukutani hadi nje kabisa.

Siku ya tisa mpwa alipita akitoka kazini, akaona mbao bado ziko uchi.

“Mbona hufungi dari, Mjomba? Siku zinakwisha.”

“Nikifunga leo nafungia maji ndani. Ndilo kosa lilelile, kwa nguo nyingine.”

“Zitakauka lini?”

“Mimi sizipangii, nazitembelea tu.”

Mpwa akashika ubao mmoja kwa kiganja, akakinusa kiganja, akaondoka. Kesho yake alirudi, akafanya hivyo tena. Siku ya kumi na tatu ndiye aliyesema, “Nadhani zimekauka,” na fundi, ambaye alikuwa amefikia uamuzi huo asubuhi, alijifanya kutafakari kwanza.

Dari mpya ilipanda, ikapakwa rangi nyeupe. Chumvi ikawekwa. Na kana kwamba hali ya hewa ilitaka kuwa shahidi, zikaja asubuhi mbili za baridi kali, mbingu nyeupe, majani ya uani yamelowa umande.

Asubuhi ya pili walikutana wote wanne: fundi na mkewe, mpwa, na dada aliyerudi na mkoba wake mdogo mkononi, bila kuuweka chini. Mpwa alivua koti, akakunja mikono ya shati, akapanda, akapotea hadi kiunoni katika mlango wa dari. Walimsikia akikohoa kwa vumbi. Kisha mkono ukatokea na kisahani.

Alishuka taratibu. Akakiinamisha kisahani juu ya kiganja chake, na chumvi ikamwagika ikinong'ona, kavu, nyeupe. Mpwa aliipekua kwa kidole.

“Hapa kuna chembe tatu zimeshikana.”

Fundi akavaa miwani, akazichunguza. “Hizo ni za kijiko. Sikukikausha vizuri kabla ya kupima.”

“Ungeweza kusema ni za zamani,” mpwa alisema.

“Ningeweza.”

Kijana akaishusha taratibu ile mikono ya shati lake na kuifunga vifungo. Alimgeukia mama yake. “Weka mkoba, Mama.”

Dada aliuweka juu ya cherehani, mahali ambapo hajawahi kumruhusu mtu yeyote kuweka kitu. “Na kile chumba cha ghorofani?”

“Kipo. Ni chako ukitaka.”

“Nitakuja Jumapili kukikagua kama kina matundu.”

“Wifi, kaa chini kwanza,” mkewe fundi akasema, akielekea jikoni. “Kifua kinasemaje?”

“Kwa mwanangu kilitulia. Sasa tuone kitasemaje kwangu.”

Fundi akatoa mfukoni vile vipande vitatu vya lesi, akaviweka mezani mbele ya dada yake. Alivigeuzageuza, akavitambua, akacheka hadi machozi yakamtoka, na kicheko hicho hakikuishia katika kikohozi. Kila mtu chumbani alilitambua hilo.

Chumvi fundi aliimwaga kwenye majani yaliyoota kando ya hatua za mlangoni. Chai iliandaliwa ndani, sebuleni, chini ya dari. Vikombe vilikuwa vinne na vijiko vitatu, kwa kuwa kimoja kilikuwa kimeazimwa na jirani. Fundi aliinuka, akaosha kijiko chake kwa sabuni mara mbili, akakisuuza, akakikausha kwa kitambaa safi, safari hii vizuri, mpini na tumbo na mgongo. Akatia sukari, akakoroga, akagonga ukingo wa kikombe mara mbili. Kisha akakifuta tena na kukirudisha mfukoni, mkewe akimtazama.